Akina Oyoo wa Ong'ora

MGENI RASMI, Mheshimiwa Japheth Oyoo, mbunge wetu wa vipindi vinne, chifu wetu, wachungaji wetu na imamu wetu, wagombea mliofika na ninyi mliotuma salamu, na wewe uliyekuwa ukienda zako ukaona hema ukaamua kukaa. Sisi wanachama wa Konyri Kendi, Soko la Ong'ora, tunawakaribisha. Viti vya mbele vimekodishwa Ndhiwa, vya nyuma ni vya kanisa, na vyote vimepanguswa. Kaeni kwa amani.

Phelesia alinyamaza kidogo ili watu wacheke, nao wakacheka. Mahali pa kunyamaza alipajua. Tangu Mheshimiwa achaguliwe mara ya kwanza, kila alipofika Ong'ora risala ilisomwa na Phelesia, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, na kwa kuwa enzi zile yeye peke yake ndiye mwanamke pale sokoni aliyekuwa amemaliza darasa la nane. Alianza kusoma nywele zikiwa nyeusi. Nywele zilibadilika, mgeni rasmi akanenepa, lakini risala ilibaki karibu ile ile. Walikuwa wakibadilisha tarehe tu.

Leo mambo mawili yalikuwa tofauti. La kwanza, Mheshimiwa alikuwa anaaga. Alitangaza mwishoni mwa mwaka uliopita kwamba hagombei tena, magoti yamekataa, na kila aliyemwona akipanda ngazi za jukwaa asubuhi hiyo aliamini. La pili, risala aliyoishika Phelesia haikuwa na sehemu ya changamoto. Sehemu hiyo ilikuwa imeondolewa Jumanne, dukani kwa Kultum, na aliyeiondoa alikuwa ameketi kando ya Mheshimiwa, amevaa kofia nyeupe yenye jina lake mwenyewe: Byron.

Kiti cha bunge kikikaliwa na mtu mmoja miaka ishirini, watu husahau kwamba ni kiti. Kwa hiyo Mheshimiwa aliposema anaondoka, eneo bunge zima lilipatwa na homa. Mwenye shule ya kibinafsi akatangaza kugombea. Mwenye matingatinga akatangaza. Bi. Milka, mwalimu mkuu mstaafu wa upande wa Ndhiwa, akatangaza bila shule wala tingatinga, na watu wakasema huyu mama ana moyo. Kufikia Pasaka mabango yalikuwa mengi mpaka akina mama wakaanza kuyatumia kufunikia nyanya jua likiwa kali, na mtu aliweza kununua fungu la nyanya akiwa anatazamwa na wagombea wanne.

Juu ya wote hao alikuwa Byron, mtoto wa dada yake Mheshimiwa na msaidizi wake. Alikulia Nairobi, na Dholuo chake kilikuwa cha kuombea maji. Mheshimiwa alikuwa akizunguka soko kwa soko kuaga, na kila soko alikuwa akimshika Byron mkono na kuuinua juu. Huku kwetu kuinuliwa mkono na mzee anayeondoka si jambo dogo. Wagombea wengine ilibidi wajiinulie wenyewe.

Hiyo Jumanne Byron aliwakuta wanakikundi dukani kwa Kultum. Mikutano hufanyika hapo kwa sababu Kultum ana kivuli na ana chai. Yeye na mumewe Osman walitoka Isiolo wakafungua duka la misumari na mabati, wakakaa hadi watu wakachoka kuwaita wageni. Mwikwabe alikuwapo pia, mwenyekiti wa kikundi, Mkuria mpole aliyeoa Ong'ora akasahau kurudi kwao.

Desturi ni kwamba risala ya wananchi hupitiwa kwanza na ofisi ya mgeni. Pale sokoni wanaita kupiga pasi. Byron aliipiga pasi akiwa amesimama, kalamu mkononi, funguo zake ameziweka juu ya kaunta kando ya birika.

"Hii ya changamoto mtoe," alisema.

"Yote?" Phelesia akauliza.

"Yote, mama. Mzee anaenda kupumzika. Sasa mtu anaenda kupumzika, unamwambia mambo ya wodi?"

"Wodi ndiyo shida yetu," Mwikwabe alisema. "Imejengwa, imepakwa rangi, imefungwa."

"Najua imefungwa. Ufunguo si huu hapa?" Byron aligusa ufunguo mmoja wenye kipande cha plastiki ya bluu. "Na itafunguliwa. Nikiingia tu bunge, kazi ya kwanza ni hiyo. Nitakuja na utepe, nitakuja na watu wa televisheni. Ama mnataka ifunguliwe kimya kimya kama choo?"

"Sisi tunataka ifunguliwe," Kultum alisema, akamwongezea chai.

"Agosti. Mnipe kura, niwape wodi. Hiyo si haki?"

Phelesia alikuwa akihesabu miezi kimoyomoyo. Caren, mke wa mwanawe, alitarajiwa kujifungua Juni, na Juni huja kabla ya Agosti hata kama mtu ana jamaa bungeni.

Wodi yenyewe ilikuwa nyuma ya zahanati, na rangi yake ya maziwa ilikuwa imeanza kushika vumbi. Vitanda vilikuwa ndani, bado vimevishwa plastiki ya dukani. Nyasuguta, nesi wa zahanati, alikuwa na chumba kimoja tu cha kudungia watoto chanjo na kugawia dawa za malaria, na akina mama walipomjia na uchungu aliwaonyesha vitanda hivyo kupitia dirishani, kisha akawatafutia pikipiki ya kuwapeleka Ndhiwa, ama Homa Bay ikiwa mambo ni mazito. Ufunguo ulishikwa na ofisi ya Mheshimiwa ukingoja siku ya uzinduzi. Uzinduzi wa kwanza aliuahirisha kwa sababu ya mazishi. Wa pili, bunge lilikuwa na kikao. Wa tatu, mvua. Halafu akatangaza kustaafu, na Byron akagundua kwamba mlango ule ulikuwa na faida zaidi ukiwa umefungwa.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hawakuvunja kufuli. Watu wa Ong'ora hawaingii jengo ambalo mgeni rasmi hajalikatia utepe. Darasa jipya watoto hulisomea nje, wakiliegemea. Tangi la maji likijaa watu hulipita na ndoo zao wakienda mtoni, mpaka mgeni aje afungue bomba na kupigwa picha akinywa. Hakuna sheria ya hivyo. Ni adabu tu, na walikuwa wakijivunia sana adabu yao.

"Basi pahali pa changamoto mweke watoto," Byron aliendelea. "Mzee anapenda watoto. Wasimame, wamsalimie."

"Watoto gani?" Phelesia akauliza.

"Wowote, mama. Muwaite tu kwa majina. Anapenda sana mtu akiitwa kwa jina."

Kultum alimtazama Phelesia. Phelesia alikunja risala mara mbili.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Tutaweka watoto."

Na sasa alikuwa mbele ya hema, karatasi ileile mkononi. Caren alikuwa kwenye kiti cha ukingoni safu ya pili, mkono mmoja mgongoni, mwingine juu ya tumbo, na miguu imevimba hadi amevua viatu. Phelesia alimwona, akaondoa macho haraka ili sauti isimharibikie.

HISTORIA YETU. Mgeni rasmi, kikundi chetu kilianza na akina mama wauza mboga, kikaingiwa na wanaume walipoona kinaendelea. Jina letu, Konyri Kendi, maana yake ni kwamba usikae ukingoja wa kukusaidia. Wewe na sisi tunajuana tangu kampeni yako ya kwanza. Ulisimama hapa hapa juu ya pikapu, ukiwa mwembamba. Ulituambia kwamba mama yako alikuzaa kando ya barabara akitoka kuuza samaki Kendu Bay, na wapita njia wakamfunika kwa leso zao. Ukasema ndiyo maana unaitwa Oyoo. Ukasema, tunayanukuu maneno yako, "Mkinipa kiti hiki, mimi nitakuwa Oyoo wa mwisho."

Byron alikuwa ameyapigia mstari maneno hayo Jumanne, akisema hapo pazuri, paonyeshe mzee alitoka chini. Mheshimiwa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake. Phelesia aliikumbuka siku hiyo vizuri kuliko harusi yake. Alilia, na jirani yake akalia, na wote wawili wakaenda kupiga kura alfajiri hata kabla makarani hawajafika. Amempigia kura mtu huyu mara nne kwa ajili ya sentensi ile moja.

Maana huku mtoto hupewa jina la namna alivyokuja duniani. Aliyekuja na mvua ni Okoth. Aliyezaliwa asubuhi, akiwa msichana, ni Akinyi. Aliyezaliwa njiani, mama akiwa hajafika alikokuwa anakwenda, ni Oyoo, na msichana ni Ayoo. Vijiji vingine akina Oyoo ni mmoja mmoja. Ong'ora, mwalimu wa chekechea akiita Oyoo anaitikiwa kutoka pande zote za darasa, kwa hiyo huwaita kwa jina na mahali: Oyoo wa Daraja, Oyoo wa Mizani, Ayoo wa Langoni.

Mjukuu wa Phelesia, mtoto wa kwanza wa Caren, alikuwa Ayoo wa Kalavati. Phelesia mwenyewe ndiye aliyeshika leso juu siku hiyo ili madereva wa trela za miwa wasimwone mkwewe. Mtoto alitoka salama. Caren ndiye aliyevuja damu, akavuja hadi midomo ikawa ya kijivu, na Phelesia akawa anamwita jina lake tu, hana lingine la kufanya. Walifika Ndhiwa akiwa hai. Daktari alimwambia Phelesia uso kwa uso kwamba huyu mama asijaribu tena kujifungua mbali na nesi, maana safari ya pili huenda asirudi hai. Tangu siku hiyo Phelesia hakupita tena kando ya lile kalavati; alizunguka kupitia mashambani. Na mvua za mwaka huu zilikuwa zimeshaigeuza barabara ya Ndhiwa kuwa ugali mweusi.

MAFANIKIO. Mgeni rasmi, katika vipindi vyako vinne tumepata mambo mengi. Tumepata taa ndefu ya soko, ile tunayoiita mulika mwizi, na wezi wamehamia soko la jirani. Tumepata madarasa mawili na tangi la maji. Tumepata kibao cha barabara. Tumepata wodi ya akina mama kujifungulia, na tunaiona kila siku.

Makofi yalipigwa. Mheshimiwa aliinua mkono kushukuru. Phelesia akaiweka karatasi mezani, akaiwekea chupa ya maji juu ili upepo usiichukue, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa yameandikwa.

"Mgeni rasmi, mafanikio makubwa kuliko hayo yote ni watoto," alisema. "Tumeombwa tukutambulishie kwa majina. Akina Oyoo na akina Ayoo, tafadhali simameni."

Watoto wa chekechea waliokuwa wamekaa mkekani mbele ndio waliosimama kwanza, wakisukumana. Kisha wa shule ya msingi, wenye sare. Kisha nyuma ya hema wakasimama wavulana wawili wa sekondari, wakionea haya. Mwendesha bodaboda aliyekuwa ameegemea pikipiki yake nje, koti la manjano mwilini, akavua kofia akanyooka. Watu waligeuka kumtazama kila aliyesimama, na bado waliendelea kusimama.

Byron alikuwa ametoa simu anapiga video. "Unaona venye wanampenda," alimnong'oneza chifu. "Hawa wote wamepewa jina lake." Chifu, ambaye alizaliwa Ong'ora, aliangalia viatu vyake.

"Huyu wa mbele ni wa daraja la mbao," Phelesia alisema kwa sauti ileile aliyosomea habari za tangi. "Anayemfuata ni wa mizani ya miwa. Yule wa koti la manjano, mama yake alikuwa juu ya pikipiki, na injini haikuwahi kuzimwa. Yule msichana mrefu ni wa lango la shule, wakati wa mapumziko, wanafunzi wakitazama. Mjukuu wangu ni huyu mwenye utepe mwekundu, ni wa kalavati."

Akageuka upande wa wanaume wa msikitini. Mvulana mmoja mwembamba mwenye kanzu alikuwa amesimama.

"Na huyu ni Mohammad Oyoo, mtoto wa Kultum."

"Mimi si Mjaluo," Kultum akasema kutoka kitini kwake, bila kupandisha sauti. "Lakini barabara ilikuwa ni hiyo hiyo."

Watu wachache walicheka, kisha wakaacha.

"Wale ambao hawakukaa hadi kupewa jina hatutawataja," Phelesia alimalizia, "maana leo ni sherehe."

Mkono wa Mheshimiwa ulikuwa bado juu, hajui aushushe ama aupunge. Aliwatazama watoto kwa zamu, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wake. Alipofika kwa yule mwenye utepe mwekundu macho yake yalikaa hapo muda. Halafu akaushusha mkono, akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua.

Mheshimiwa akisimama, hakuna anayekaa. Chifu alisimama. Wachungaji na imamu wakasimama. Safu za mbele, za katikati, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wakasimama, viti vya Ndhiwa vikalia. Caren alisimama pia, polepole, akishikilia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Byron peke yake ndiye aliyebaki chini, simu usoni, kisha akashtuka akainuka na kumshika mjomba wake kiwiko.

"Mjomba, unataka kwenda msalani?"

"Nimeitwa," Mheshimiwa akasema. "Si wamesema akina Oyoo?"

Alisimama. Ilikuwa wazi kwamba magoti yanamuuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Phelesia alikuwa amejiandaa kwa hasira yake, kwa polisi, hata kwa kipaza sauti kuzimwa. Kwa hili hakujiandaa.

Macho ya Mheshimiwa yalikuwa yamemfikia Caren.

"Mama, wewe kaa," alisema. "Umebakisha muda gani?"

"Mwezi ujao, Jaduong'," Caren alijibu.

"Utakwenda wapi?"

Phelesia ndiye aliyejibu.

"Atakwenda barabarani, Mheshimiwa. Ndiko tunakokwenda."

Mheshimiwa alinyoosha mkono pembeni bila kugeuka.

"Byron. Ufunguo."

"Mjomba, hiyo tulisema ni Agosti."

"Ufunguo."

"Hata utepe hatujabeba."

"Utepe sina," Kultum akasema. "Mafuta ya kufuli ninayo."

Byron aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo wenye plastiki ya bluu ulichukua muda kutoka kwenye pete, na watu wote wakiwa wima walimngoja autoe. Mheshimiwa akaufumbata. Kisha akamgeukia Phelesia kwa adabu ya mtu aliyehudhuria hafla nyingi.

"Mama, nimekukatiza. Risala imeisha?"

"Bado maombi, Mheshimiwa."

"Soma."

MAOMBI. Mgeni rasmi, tunaomba utuachie kijana wako Byron, ambaye tunamwona kuwa mwendelezaji wa kazi zako njema. Mungu akupe mapumziko mema. Ni sisi, Konyri Kendi, Soko la Ong'ora.

Aliyasoma neno kwa neno jinsi Byron alivyoyaandika siku ile ya kupiga pasi, maana alikuwa ameahidi. Watu walipiga makofi ya adabu, na sherehe ikahamia nyuma ya zahanati.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Kultum alilimiminia mafuta, Mwikwabe akalitikisa, likakubali. Hakuna aliyetoa hotuba. Mlango ulipofunguka kulitoka harufu ya rangi ya zamani, na Nyasuguta akapita katikati ya waheshimiwa bila kuomba njia, akaingia, akaanza kuchana plastiki kwenye vitanda. Aliichana kwa nguvu, na alikuwa analia huku anachana.

Mheshimiwa aliketi kwenye kitanda cha kwanza kilichobaki wazi. Phelesia alisimama mbele yake, maana hakujua kama anaruhusiwa kukaa.

"Vitanda vimekuwa humu muda wote huu," Mheshimiwa alisema.

"Muda wote."

"Dirisha hili hata halina chuma. Mngeingia tu, mama. Nani angewashika?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe."

Mzee alipangusa uso kwa leso. "Mimi nilidhani mnatumia," alisema. "Nilidhani mmeshaingia kwa njia yenu, mnaningoja kwa picha tu."

Kwa miaka Phelesia alikuwa amemkasirikia mtu huyu kwa mlango, na sasa alitazama dirisha lile, ambalo hata Caren na tumbo lake angeweza kusaidiwa kulipita, akajikasirikia mwenyewe. Aliona haya, haya ya kweli, kama mtu aliyekufa njaa chakula kikiwa mezani kwa sababu mwenye nyumba hajasema karibu. Aliketi kitandani kando ya Mheshimiwa bila kuambiwa.

Agosti ilifika. Byron alishinda, akimpita Bi. Milka kwa kura chache ambazo hadi leo Bi. Milka anasema si chache, hazipo. Ong'ora iligawanyika katikati. Wengine walimpigia kwa sababu mzee alimwinua mkono, wengine walimnyima kwa sababu walimwona akitoa ufunguo. Mheshimiwa Japheth alirudi kwake, akanunua ng'ombe, na inasemekana anaamka alfajiri kuliko alivyokuwa bungeni.

Novemba, Mheshimiwa mpya akaja kushukuru wapiga kura. Hema likasimamishwa pale pale, viti vikatoka Ndhiwa. Ofisi yake ilituma ujumbe ikiomba risala mapema ipitiwe. Mwikwabe alijibu kwa upole kwamba pasi ya Ong'ora imeharibika. Phelesia akavaa kitenge chake kizuri, akasimama mbele.

MGENI RASMI, Mheshimiwa Byron, mbunge wetu wa kipindi cha kwanza, chifu wetu, viongozi wa dini, na wewe uliyepita ukaona hema. Karibuni. Viti ni vile vile.

MAFANIKIO. Tunakushukuru kwa wodi ya akina mama, ambayo ilifunguliwa kwa ufunguo uliotoka mfukoni mwako.

Mheshimiwa Byron alipiga makofi mwenyewe, na watu wake wakapiga naye. Phelesia aliwangoja wamalize.

CHANGAMOTO. Nesi wetu ni mmoja, naye ni binadamu, analala. Barabara ya Ndhiwa unaijua, umekuja nayo. Tangi la maji la shule limekamilika tangu Septemba na hatukulingojea mgeni, tumeshachota, tusamehe. Ukitaka kupigwa picha ukinywa, bomba liko wazi.

MAOMBI. Tunaomba nesi wa pili kabla ya mvua za Machi.

UTAMBULISHO. Mgeni rasmi, mara ya mwisho ulipokaa kiti hicho cha pembeni tulikutambulishia watoto, na ulituomba tuwaite kwa majina. Tunaendeleza. Tangu Mei hatujapata Oyoo mpya wala Ayoo. Tuna watoto wengi wa wodi, lakini leo tutamtambulisha mmoja. Hawezi kusimama, ana miezi mitano, kwa hiyo mama yake Caren atasimama naye. Anaitwa Achieng'. Alizaliwa mchana jua likiwa utosini, kitandani, nesi akiwa kando yake, mlango umefungwa kwa ndani. Mama yake alivuja damu, akachomwa sindano, damu ikakatika, akaomba chai. Jina lake maana yake ni mchana tu. Hakuna lingine lililotokea siku hiyo la kumpa jina.

Mgeni rasmi, Mungu akulinde, akupe masikio. Unaporudi mwambie dereva aende polepole, maana barabara hiyo imezoea kuzalisha watu.

Ni sisi, Konyri Kendi, Soko la Ong'ora.